Fimbo ya mbali na nyoka wangu

Ujumbe uliingia usiku, saa ambayo watu wenye adabu zao hawatafuti fundi. "Fundi, bado unatengeneza cherehani?" Jina nililitazama kwa muda kabla sijamkumbuka mwenyewe. Ni mama mmoja tuliyewahi kukaa naye meza moja kwenye mafunzo ya siku tatu, miaka tisa nyuma. Tuliachiana namba kama watu wanavyoachiana namba huku wakijua hawatapigiana, na kweli hatukupigiana. Nikamjibu kuwa bado natengeneza. Akaandika: "Mdogo wangu ana karakana ya ushonaji, mashine 14, na fundi wao kaacha kazi. Nimempa namba yako."

Kazi ile iliniweka mjini, kama wasemavyo, kwa karibu mwaka mzima, na karakana ile ni mteja wangu hadi leo. Lakini kilichonikaa kichwani ni jambo jingine. Huyu mama alijuaje kwamba bado ni fundi, tena fundi wa kuaminika kiasi cha kumkabidhi mdogo wake? Nilimuuliza. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Mimi stetasi zako naziangalia zote. Hata ile mashine uliyoitoa sarafu ndani niliiona."

Miaka yote hiyo alikuwa ananitazama, na hajawahi kuniandikia hata neno moja.

Wengi wetu tumekuzwa na methali ya fimbo ya mbali, ile isiyoua nyoka. Mwenye kukufaa ni aliye karibu: jirani, ndugu, mtu unayeweza kumwita ukasikika. Mimi niliishika methali hiyo kuliko inavyostahili. Mitandao ya kijamii niliiona mahali pa watu wenye muda wa kupoteza, na wale mamia ya "marafiki" kwenye simu niliwahesabu kama picha tu. Sasa huyu mama, ambaye kwa kipimo changu hakuwa rafiki wala jirani wala mteja, ndiye aliyeniulia nyoka. Ndugu zangu na marafiki zangu wa karibu, wanaonipenda kwelikweli, walikuwa wameshindwa kunipatia kazi mwaka ule wote. Hawakukosa nia. Walikosa habari.

Baadaye niligundua kwamba jambo hili lina watu waliolichunguza zamani, kabla hata ya intaneti kuingia majumbani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu: je, wakati ule mlikuwa mnaonana naye mara ngapi? Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa 16.7% tu. Waliomwona mara mojamoja walikuwa 55.6%, na waliomwona kwa nadra, mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo, 27.8%. Ukijumlisha, zaidi ya wanane katika kila kumi walibebwa na watu wa kujuana tu.

Sababu ni rahisi, na ukishaiona inakera kwamba hukuiona mapema. Rafiki yako wa karibu anajua unachokijua. Mnakaa na watu walewale, mnasikia habari zilezile, na kazi ambayo wewe hujaisikia yaelekea hata yeye hajaisikia. Yule wa kujuana tu anaishi kwenye duara jingine. Akikukumbuka siku moja, anakuletea habari kutoka mahali ambapo mguu wako haujafika.

Zamani shida ya watu wa namna hii ilikuwa kwamba wanapotea. Unakutana na mtu safarini au kwenye mafunzo, mnaelewana, kisha maisha yanawafunika. Ili abaki unatakiwa umpigie, umtembelee, umtumie salamu, na nani ana nguvu ya kufanya hivyo kwa watu mia tatu? Hapa ndipo ninapoona mtandao umeleta kitu kipya kabisa. Umewafanya wasipotee. Hauwageuzi kuwa marafiki. Unawaweka tu pale pembeni, wanakuona ukipita, nawe unawaona. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa muda wa miaka mitano. Jibu lake lilifanana na la Granovetter, likaongeza kitu kidogo: wanaofaa zaidi kwenye kuhama kazi si wale wa mbali kabisa. Ni wa katikati, wale mnaofahamiana na watu kadhaa kwa pamoja lakini hamzoeani. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mama wa mafunzo mbele yangu.

Ila nisijifanye niliianza safari hii kwa busara. Nilipoingia mtandaoni kutafuta wateja, nilifanya kosa linalofanywa na karibu kila mwenye biashara. Kila asubuhi nilikuwa naposti tangazo lilelile: tunatengeneza aina zote za cherehani, za mkono, za mguu na za umeme, piga namba hii. Jioni naliposti tena. Kwenye makundi ya familia, ya shule, ya waumini, kote. Baada ya miezi miwili mpwa wangu akaniambia bila kunionea haya, "Mjomba, mimi nilishakunyamazisha zamani." Nikauliza wengine. Nusu yao walikuwa wameshaninyamazisha pia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaona labda ndicho ninachofanya, najitembeza. Lakini methali hiyo nayo ina shimo lake: chema kilichofungiwa ndani hakijiuzi. Fundi hodari asiyeonekana hana tofauti na fundi asiyekuwepo. Kwa hiyo niliacha kutangaza, nikaanza kuonyesha.

Video ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya dakika mbili, haina hata muziki. Mteja mmoja alilalamika kwamba mashine yake inaruka mishono, ameshabadilisha sindano, ameshabadilisha uzi, wapi. Nikaifungua mbele ya simu. Nikaeleza kwamba sindano ikishuka hadi mwisho na kuanza kupanda, ikipanda karibu milimita 2 tu, uzi hutanuka na kufanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu lake. Ncha ya kulabu inayozunguka chini inatakiwa ipite pale papo hapo, iudake uzi. Ikichelewa kidogo, kitanzi kimeshapotea na mshono umeruka. Nikalegeza skrubu, nikasogeza kulabu, nikakaza, nikashona mstari mmoja ulionyooka. Basi.

Watu waliokuja baada ya hapo walikuwa wateja wa aina nyingine. Hawakuanza na "bei gani?" Walianza na "nadhani yangu nayo ni kulabu". Walikuwa wameshaniamini kabla hawajaniona, kwa sababu walishaiona mikono yangu kazini. Mtu akiniletea mashine siku hizi, mara nyingi ameshanirekodia mlio wake, na mimi nimeshajua nibebe kifaa gani. Safari mbili zimekuwa moja. Zana nyingine za biashara za mitandaoni, kama katalogi na majibu ya haraka ya WhatsApp Business iliyozinduliwa mwaka 2018, zinasaidia, ninazitumia, lakini ni mapambo tu kama mikono haijaonekana.

Sikutegemea pia kwamba faida ingetoka kwa washindani. Kuna kundi la mafundi cherehani ambalo mtu fulani aliniingiza bila kuniuliza. Mwanzoni nilikaa kimya kama walivyokaa wengi, kila mtu anaogopa kuachia siri ya kazi. Kisha nikaona kitu: wale waliokuwa wakijibu maswali hadharani, bila choyo, ndio waliokuwa wakipelekewa wateja na wenzao. Ni jambo la akili ya kawaida. Nikiwa na mteja anayeishi nisikofika, nampeleka kwa nani? Kwa yule niliyemwona akieleza vizuri. Yule aliyekaa na siri zake, nitazijuaje?

Kundi hilohilo ndilo lililonifundisha jambo la minyororo. Nilikuwa na mashine ya zamani sana, ya urithi, na mwenyewe hataki kusikia habari ya kununua nyingine. Kilivunjika kipande kidogo chini ya bamba la sindano, kipande ambacho hakitengenezwi tena. Nikapiga picha nikaiweka kwenye kundi. Mtu mmoja akaipeleka kwenye kundi lake jingine. Huko mwingine akamtumia binamu yake anayekusanya mashine kuukuu. Binamu hakuwa nacho, ila alimjua mzee mmoja mwenye stoo. Mzee alikuwa navyo viwili. Nikahesabu: watu wanne kati yangu na kile kipande, na yote yalikwisha kabla ya jua kuzama.

Wanasaikolojia Jeffrey Travers na Stanley Milgram walichapisha mwaka 1969 jaribio linalofanana sana na kisa changu. Waliwapa watu 296, wengi wao wakiwa jimbo la Nebraska, mbali sana na Boston, kazi ya kufikisha waraka kwa dalali mmoja wa hisa aliyefanya kazi Boston, kwa sharti kwamba kila mtu ampelekee mtu anayemfahamu mwenyewe. Nyaraka zilizofika zilipita mikononi mwa watu watano hivi kwa wastani, na hiyo ndiyo habari inayosimuliwa kila mahali. Habari isiyosimuliwa sana ni kwamba zilizofika ni 64 tu. Nyingine zilifia njiani. Njia ilikuwepo, lakini mtu fulani katikati aliweka waraka mezani akasema nitaupeleka kesho.

Mwaka 2011 watafiti walipima watumiaji milioni 721 wa Facebook, wakakuta wastani wa hatua kati ya mtu na mtu ni 4.74. Kwa hiyo dunia imekaribiana kidogo kuliko ile ya Milgram, sawa. Lakini mimi nadhani lililobadilika zaidi ni ule uvivu wa katikati. Kupeleka waraka kulihitaji bahasha na safari ya posta. Kupeleka picha ya kipande changu kulihitaji kidole kimoja, na mtu hakuwa na muda wa kusema kesho.

Wepesi huo ndio pia wanaotumia matapeli, na mimi nimeliwa. Muuzaji mmoja aliingia kwenye kundi letu na picha safi za vipuri, bei ya kuvutia, maneno laini. Akanihamishia haraka kwenye mazungumzo ya faragha, akataka nusu ya fedha kwanza. Nikatuma. Picha yake ya wasifu ikatoweka jioni ileile. Nilijilaumu zaidi kwa lile la kukubali kuhamishwa faragha, maana hadharani kungekuwa na macho mia mbili. Siku hizi maadmini hawaruhusu mtu kuuza mpaka wanachama wawili wa zamani wamdhamini, na hatujaliwa tena. Tuendelee.

Urafiki ni habari nyingine, na hapa siimbi sifa za mitandao kwa sauti ileile. Biashara inataka upana, watu wengi wanaokujua kidogo, na mtandao unautoa upana huo kama maji. Urafiki unataka saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kuzihesabu katika utafiti uliotoka mwaka 2018. Alikuta kwamba mtu wa kujuana anahitaji kama saa 50 za kuwa pamoja nawe ili awe rafiki wa juujuu, saa 90 hivi awe rafiki, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Robin Dunbar, Mwingereza anayejulikana kwa ile namba ya watu 150 ambao binadamu anaweza kuwa na uhusiano wa kweli nao, aliangalia watumiaji wa mitandao huko Uingereza mwaka 2016. Watu walikuwa na marafiki wengi kwenye orodha, lakini walipoulizwa ni wangapi wanaweza kuwakimbilia siku ya shida, jibu lilikuwa wanne hivi. Facebook inakuruhusu marafiki 5,000. Moyo haujapata taarifa hiyo.

Kwa hiyo mtandao haukupi rafiki. Unakupa mlango, halafu saa 200 ni zako mwenyewe.

Wangu alianza kwa ubishi. Mtu alituma kwenye kundi swali la mashine inayofunga mafundo ya uzi chini ya kitambaa. Nikajibu, kama nilivyofundishwa na kama ninavyoamini hadi leo, kwamba uanze na mkazo wa uzi wa juu. Fundi mmoja kutoka nchi nyingine kabisa akasema hapana, fungua chini, safisha, angalia uzi wa bobini, ule wa chini, kwanza. Tukabishana hadi admini akatuomba tuhame. Tukahama. Ubishi wa bobini ukazaa habari za walimu wetu, za walimu zikazaa za baba zetu, na ndani ya wiki mbili tulikuwa tunatumiana sauti kila jioni, kila mtu akifunga kazi yake.

Siku moja nilipiga hesabu ya kipuuzi. Dakika kumi kila siku ni kama saa 60 kwa mwaka. Kufikia zile saa 200 za Hall unahitaji zaidi ya miaka mitatu, na yeye alipima saa za watu walio pamoja, si za wanaotumiana sauti. Lakini ni kweli kwamba ilikuwa mwaka wa nne ndipo nilipomwambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Sijawahi kumwona. Najua kikohozi chake. Najua mlango wa karakana yake unalia ukifunguliwa, na kwamba akikasirika anaongea taratibu zaidi.

Baba yangu alipofariki niliandika mistari miwili nikaiweka. Pole ziliingia kwa mamia. Sizidharau, mtu aliyesimama kidogo katika siku yake kukuandikia pole amekupa kitu, na usiku usipolala unazisoma moja moja. Walikuwemo watu ambao sikuwa nimewasikia miaka kumi. Mmoja, ambaye tulijuana kijuujuu tu, aliandika kwamba baba yake aliondoka mwaka uliotangulia na kwamba siku ya tisa ndiyo ngumu kuliko ya kwanza, kwa hiyo nisishangae. Siku ya tisa ilipofika nilishukuru kwamba nilikuwa nimeonywa.

Rafiki yangu wa bobini hakuandika pole ndefu. Alinitumia sauti moja: "Ndugu yangu, mashine za watu nani anaziangalia?" Nikamwambia hakuna, zitasubiri. Ile karakana ya mashine 14 ilikuwa na oda ya sare na mashine tatu zimegoma. Akasema, nipe namba yao.

Sikumwelewa mpaka baadaye. Kwa wiki mbili nzima, nikiwa kwenye msiba, alikuwa akiwapigia simu ya video kila asubuhi kabla hajafungua kazi yake. Msichana mmoja wa pale karakanani anashika simu juu ya mashine, mwingine anashika bisibisi, naye yuko huko aliko anawaelekeza: legeza hiyo, usiitoe, sogeza kidogo kushoto, zungusha gurudumu kwa mkono nione. Mashine zote tatu zilirudi kazini. Oda ilitoka. Hakudai chochote, na nilipotaka kumtumia fedha alinuna siku mbili.

Nilirudi kazini nikijiandaa kuomba radhi kwa mteja. Mwenye karakana akaniambia, "Fundi, yule mwenzako ni mpole, lakini kwa nini kila mashine anataka tufungue chini kwanza?"

Juzi rafiki yangu wa bobini alinitumia picha ya kitambaa kimegeuzwa, mafundo ya uzi yamejaa upande wa chini kama nyasi. Hakuandika neno. Nikamjibu: uzi wa juu, fundi, kaza uone. Akakaa kimya karibu saa nzima. Kisha ikaingia sauti ya sekunde tatu, mlango wake ukilia nyuma, naye anacheka: "Ya chini, ndugu yangu. Ilikuwa ya chini."